Mapanki: Safari ya neno la Kiingereza kutoka London hadi Mwanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

UKIMWULIZA mkazi wa Mwanza maana ya neno mapanki, hatahitaji kufungua kamusi. Atakujibu kuwa ni mifupa ya sangara, aghalabu ikiwa pamoja na kichwa na mkia, inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu inayouzwa nje ya nchi.

Watanzania wengi walio mbali na Ziwa Victoria walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2006, wakati filamu moja iliyotengenezwa na Mzungu ilipozua mjadala mkali nchini. Tangu wakati huo mapanki yamekuwa zaidi ya kitoweo. Kwa baadhi ya wanasiasa ni kashfa dhidi ya taifa, kwa wengine ni ushahidi wa umaskini, na kwa mama anayekaanga vichwa vya samaki kando ya barabara ni mtaji wa siku hiyo.

Jambo linalozungumzwa kwa nadra ni kwamba neno lenyewe si la Kisukuma, si la Kikerewe, wala si la Kiswahili kwa asili. Chimbuko lake linahusishwa na neno la Kiingereza "punk", ambalo limekuwapo kwa zaidi ya miaka 400 na kubadilika maana mara nyingi kabla ya kufika katika mialo ya Kanda ya Ziwa.

Anayeifuatilia safari hiyo hugundua kuwa neno hili, kila lilipokwenda, lilipewa kitu au mtu aliyedharauliwa. Hugundua pia kuwa mara kadhaa waliodharauliwa walilichukua wakalifanya lao.

Lilianza kama tusi

Katika Uingereza ya karne ya 16, "punk" lilimaanisha kahaba. William Shakespeare alilitumia katika tamthilia zake kadhaa, ikiwamo Measure for Measure, iliyoonyeshwa mbele ya Mfalme James I mjini London Desemba 1604. Kamusi kubwa za Kiingereza huliweka miongoni mwa maneno ambayo mzizi wake wa kwanza haujathibitishwa.

Ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, walowezi wa Kiingereza huko Amerika Kaskazini walikuwa na "punk" nyingine. Hii ilikuwa ni mti uliooza na kukauka hadi ukawa mwepesi kama sifongo, ukitumika kunasa cheche na kuwashia moto. Wanaisimu wengi huhusisha maana hiyo na lugha za wenyeji wa pwani ya mashariki ya Marekani, hasa Walenape, ambao kwao neno la sauti inayokaribiana na hiyo lilimaanisha majivu au vumbi.

Hata leo Wamarekani hukiita "punk" kijiti kinachoungua polepole, ambacho hutumika kuwashia fataki wakati wa sherehe zao za uhuru kila Julai 4.

Kuelekea mwisho wa karne ya 19, neno hilo likawa pia sifa ya kitu kibovu au kisicho na thamani. Kutoka hapo halikukawia kuhamia kwa binadamu. Miongoni mwa watu waliozurura Marekani wakidandia treni kutafuta vibarua, liliwataja wavulana wadogo walioandamana na wazururaji wakubwa. Magerezani lilimtaja mfungwa kijana aliyetumiwa kingono na wafungwa wenye nguvu. Mitaani likawa ni jina la kijana mhuni, mwizi wa vitu vidogo vidogo na asiyetarajiwa kufika popote.

Ukiziweka maana hizo pamoja, yaani kahaba, mti uliooza, mfungwa mnyonge na mhuni, utaona kuwa zina kitu kimoja kinachoziunganisha. Zote zilitolewa na mtu anayejiona yuko juu, akimtaja aliye chini yake au kitu anachokiona hakifai.

Vijana walivyoligeuza

Mabadiliko makubwa yalitokea katika miaka ya 1970. Waandishi wa muziki nchini Marekani, akiwamo Dave Marsh wa jarida la Creem, walianza mwaka 1971 kulitumia neno hilo kueleza muziki wa magitaa uliopigwa kwa nguvu na vijana wasio na mafunzo ya muziki wala fedha nyingi za studio.

Mwaka 1974 kundi la Ramones lilianzishwa New York, na mwanzoni mwa 1976 likazinduliwa katika jiji hilo jarida lililoitwa Punk. Wakati huo huo London ilikuwa na kundi lake, Sex Pistols, lililoundwa mwaka 1975. Uingereza ilikuwa katika hali ngumu ya uchumi na idadi ya wasio na ajira ilikuwa imevuka milioni moja.

Mwaka 1977, nchi hiyo ilipokuwa ikisherehekea miaka 25 ya utawala wa Malkia Elizabeth II, Sex Pistols walitoa wimbo wa kumkejeli, na Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, likakataa kuupiga redioni. Wimbo huo ulipanda katika chati za mauzo hata hivyo.

Kwa mara ya kwanza watu walijitokeza hadharani wakijiita "punk" wao wenyewe, bila aibu. Kilichokuwa tusi kwa mababu zao kikawa bendera yao.

Pamoja na muziki huo ulikuja mtindo wa mavazi na nywele. Vijana walivaa nguo zilizochanika na kufungwa kwa pini. Baadhi yao walinyoa pande zote mbili za kichwa na kuacha msitari mmoja wa nywele katikati, kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, kisha wakausimamisha wima kwa sabuni, maji ya sukari au gundi. Waingereza na Wamarekani waliupa mtindo huo majina ya makabila ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, lakini ulijulikana pia kama nywele za "punk".

Kutoka punk hadi panki

Afrika Mashariki haikuupokea sana muziki huo. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana wa Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi walikuwa na bendi zao za dansi, rumba ya Zaire, na baadaye rege na muziki wa Wamarekani weusi. Kilichofika hapa ni picha na kinyozi.

Mtindo wa kunyoa pembeni na kuacha nywele juu uliingia katika vibanda vya vinyozi ukiitwa panki, na ulidumu kwa jina hilo kwa muda mrefu kabla vijana wa miaka ya karibuni hawajaanza kuuita kiduku. Kwa hiyo neno lilipotua kwenye Kiswahili lilikuwa limeacha nyuma kahaba, mfungwa na hata gitaa. Lilibaki na kichwa chenye nywele zilizosimama.

Namna lilivyotamkwa ilifuata desturi ya kawaida ya Kiswahili. Sauti ya Kiingereza iliyo katikati ya neno hilo hugeuka kuwa "a" inapoingia katika lugha yetu, kama ilivyotokea kwa basi, namba, klabu, raba na pancha. Nalo neno la Kiingereza linaloishia kwa konsonanti huongezewa irabu, kama benki na tanki. Hivyo "punk" haikuwa na njia nyingine isipokuwa kuwa panki.

Likiisha kuwa panki, likaingia katika ngeli ya majina yanayochukua "ma" katika wingi, pamoja na mabenki na matanki. Moja ni panki, mengi ni mapanki. Msemaji wa kawaida hawezi tena kuhisi kuwa anatamka neno la kigeni.

Maelezo yanayotolewa zaidi Kanda ya Ziwa kuhusu namna jina hilo la mtindo wa nywele lilivyohamia kwa samaki yanatokana na umbo. Sangara akiisha kuondolewa minofu pande zote mbili, hubaki uti wa mgongo ulionyooka, na miiba iliyosimama juu yake mmoja baada ya mwingine, kuanzia kichwani hadi mkiani. Mwenye macho ya utani aliyekwisha kumwona kijana aliyenyoa panki hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Samaki aliyekuja na ndoo

Ili kuelewa kwa nini Mwanza ilihitaji neno jipya la mifupa ya samaki, ni lazima kurudi kwenye historia ya samaki mwenyewe. Kabla ya sangara, hakukuwa na mabaki ya aina hiyo ya kupewa jina.

Sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa, hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 upande wa Uganda, wakati wa utawala wa Waingereza, na samaki zaidi wakapandikizwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lengo lilikuwa kupata samaki mkubwa ambaye angekula furu, samaki wadogo waliojaa ziwani na ambao wakoloni hawakuona thamani yao kibiashara.

Kwa takriban miaka 20 mabadiliko hayakuonekana sana. Kisha katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka kwa kasi ya ajabu. Samaki huyu anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa karibu kilo 200. Wataalamu wanakadiria kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka au kukaribia kutoweka katika kipindi hicho, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia.

Mwanzoni wakazi wengi wa kandokando ya ziwa hawakumpenda sangara. Walikuwa wamezoea ngege, sato na furu, na walimwona mgeni huyo kuwa na mafuta mengi kupita kiasi. Alikuwa mkubwa mno kwa sufuria na vigumu kumkausha juani kwa njia zilizozoeleka. Bei yake ilikuwa ya chini na mtu wa kipato kidogo aliweza kumnunua.

Hali hiyo haikudumu. Viwanda vya kuchakata minofu vilianza upande wa Kenya katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikajengwa Mwanza na miji mingine ya Kanda ya Ziwa. Soko la Ulaya lilikuwa likitafuta samaki mweupe, asiye na harufu kali wala miiba mingi katika minofu yake. Sangara alifaa kwa yote hayo.

Kiwandani, samaki aliyeletwa akiwa katika barafu huoshwa, hupimwa, kisha hukatwa kwa visu vikali. Mnofu wa kila upande hutolewa mzima, ngozi huondolewa, na minofu hupozwa au kugandishwa tayari kusafirishwa kwa ndege au kwa makontena. Minofu hiyo ni chini ya nusu ya uzito wa samaki aliyeingia. Kinachosalia ni kichwa, mifupa, ngozi, mafuta na matumbo.

Kadiri viwanda vilivyokua, ndivyo bei ya sangara mzima ilivyopanda, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida sokoni alikuwa sasa akishindana na mlaji wa Ulaya. Samaki ambaye watu walimkataa kwa sababu ya mafuta akawa ghali kwao. Waliobaki wakitaka sangara kwa bei wanayoimudu walimfuata nyuma ya kiwanda, na huko walikuta mapanki.

Mfupa mmoja, majina matatu

Biashara hiyo haikuwa ya Mwanza peke yake. Nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa zilikuwa na viwanda, na zote zilipata mabaki yale yale. Hata hivyo kila nchi iliyapa jina lake, na majina hayo yanatofautiana kwa namna inayovutia.

Kisumu na maeneo mengine ya Kenya huyaita mgongo wazi. Jina hilo ni la Kiswahili kamili, na lilikuwa tayari likitumika kwa gauni la kike linaloacha mgongo bila nguo. Kama ilivyokuwa Mwanza, mtaani Kisumu watu walitazama mfupa wakaona mtindo wa mjini.

Uganda huyaita file, kutokana na neno la Kiingereza la mnofu usio na mfupa, ambalo nalo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa. Kwa Mfaransa maana yake ya asili ni uzi mwembamba au utepe. Ajabu ni kwamba Uganda jina la mnofu limebaki kwa kile ambacho hakina mnofu tena. Mnofu wenyewe umekwenda zake Ulaya na kuacha jina lake kwa mfupa.

Kwa hiyo panki, mgongo wazi na file ni kitu kimoja. Mawili ni utani wa sura, la tatu ni kumbukumbu ya kilichoondolewa. Yote matatu yalitungwa na watu wanaonunua, wanaokaanga na wanaokula. Viwandani mabaki hayo yalikuwa na majina ya kiofisi, na hayo hayakuenea mitaani.

Kanda ya Ziwa ina mifano mingine ya namna hiyo. Sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa huitwa kayabo. Soko lake kubwa ni Kongo, na huko samaki wa chumvi huitwa makayabu. Jina limekuja kwa njia ile ile ambayo mzigo umekwenda. Vifuko vya hewa vilivyomo tumboni mwa sangara huitwa mabondo. Zamani vilitupwa pamoja na matumbo, lakini leo, kutokana na mahitaji ya China na Hong Kong, kilo ya mabondo makavu ni ghali kuliko kilo ya minofu kwa mbali sana.

Mabondo yanaonyesha kuwa takataka hutegemea anayenunua. Mapanki yana hadithi iliyo karibu na hiyo. Baadhi huenda kusagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo mingine. Baadhi hununuliwa na wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, ambao huyakaanga, kuyabanika kwa moshi au kuyaanika, kisha kuyauza katika masoko ya Mwanza na mikoa ya jirani. Kichwa cha sangara kina nyama mashavuni na shingoni, mafuta, na supu nzito ambayo walaji wake huisifia. Wapo wanaokichagua kwa sababu wanakipenda, na wapo wanaokinunua kwa sababu hawana uwezo wa kununua kingine. Neno moja limewabeba wote wawili.

Mwaka ambao neno lilipanda ndege

Mwaka 2004 mtengenezaji filamu wa Austria, Hubert Sauper, alionyesha katika tamasha la Venice, Italia, filamu yake iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na maeneo ya ziwa. Ilishinda tuzo kadhaa Ulaya, ikiwamo ya César ya Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huo huo ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa upande wa filamu za hali halisi.

Filamu hiyo iliweka pamoja ndege za mizigo zinazobeba minofu kwenda Ulaya, watoto wa mitaani, ukahaba, UKIMWI, na eneo ambako mifupa ya sangara ilianikwa kwa ajili ya kuliwa, ikiwa imejaa funza. Iliashiria pia kwamba baadhi ya ndege zilizofuata samaki zilikuwa zikileta silaha barani Afrika.

Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani. Serikali ilisema filamu hiyo ni ya upotoshaji, kwamba madai ya silaha hayakuwa na ushahidi, na kwamba inaharibu jina la nchi na biashara ya samaki. Mwezi uliofuata yalifanyika maandamano Mwanza ya kuilaani. Kwa upande mwingine, wapo waliosema filamu ilikuwa imeonyesha yale ambayo kila mkazi wa jiji aliyajua.

Hofu ya kuharibu biashara haikuwa bila sababu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikuwa umezuia samaki wa Ziwa Victoria kutokana na taarifa za uvuvi wa kutumia sumu, na kazi za maelfu ya watu ziliyumba. Mwanza ilikuwa bado ikikumbuka miezi hiyo.

Katika mjadala wa 2006 filamu yenyewe, ambayo Watanzania wengi hawakuwa wameiona, ilipata jina la mitaani: filamu ya mapanki. Hapo ndipo neno lilipotoka Kanda ya Ziwa na kuenea nchi nzima. Nalo lilipoenea, lilibadilika tena.

Kabla ya hapo, kwa mkazi wa Mwanza, panki lilikuwa jina la utani la kitoweo. Lilikuwa na kicheko ndani yake. Baada ya 2006, mtu wa Dar es Salaam au Arusha alilipokea kama jina la aibu: chakula cha watu waliokosa chakula. Swali "Je, kweli watu wa Mwanza wanakula mapanki?" liliulizwa kana kwamba ni shitaka, na wapo waliojibu kwa kukana, kana kwamba kula kichwa cha samaki ni kosa.

Wengine walilitumia kwa maana ya tatu, ya kisiasa. Katika mazungumzo ya vijiweni, minofu na mapanki vilisimama badala ya mgawanyo wa mali ya nchi. Ilipozungumzwa dhahabu, mbao au gesi, msemaji aliweza kuuliza minofu imekwenda kwa nani na mapanki yamebaki kwa nani, na kila aliyekuwapo akamwelewa.

Aibu ni ya nani?

Ukilitazama neno hili kwa urefu wa safari yake, mjadala wa mwaka 2006 unaonekana kuwa umekwama mahali pasipostahili. Ulijikita katika kuuliza iwapo ni aibu kula mapanki. Watu duniani kote hula vichwa, mifupa na matumbo ya wanyama, na hujivunia mapishi hayo. Supu ya makongoro haijawahi kuitwa kashfa ya taifa.

Swali zito zaidi lilikuwa, na bado ni, masharti ambayo mlaji anakula. Je, mifupa hiyo inahifadhiwa katika usafi ule ule unaodaiwa kwa minofu ya mteja wa Ulaya? Je, mwanamke anayeikaanga ana jiko linalotoa moshi nje, badala ya kuuvuta yeye mwenyewe mchana kutwa? Je, mvuvi aliyemtoa sangara majini anapata bei inayomwezesha naye kuchagua mnofu siku akitaka?

Kiwandani, sakafu inaoshwa, joto linapimwa na wakaguzi wanafika kwa sababu mnunuzi wa mbali anadai hivyo. Mlaji wa mapanki hana mkaguzi wa kumsemea. Katika picha zilizowakera watu mwaka 2006, kilichotisha ni funza na uchafu, na vyote viwili vinazuilika kwa meza za kuanikia zilizoinuliwa, maji safi na kivuli. Kukana jina hakuondoi funza.

Mazingira ya biashara yenyewe nayo yamebadilika. Mavuno ya sangara yamepungua yakilinganishwa na yale ya miaka ya neema, na baadhi ya viwanda vya Mwanza vilifungwa au kupunguza kazi. Nchi tatu za ziwa ziliweka kanuni kwamba sangara anayeruhusiwa kuvuliwa awe na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga wakue na wakubwa wazaliane. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu, ambapo nyavu nyingi ziliteketezwa.

Samaki wakipungua kiwandani, mapanki nayo hupungua, na yakipungua huanza kupanda bei kama bidhaa nyingine yoyote. Ikitokea hivyo, mfupa ulioitwa kimbilio la maskini unaweza kumponyoka maskini, kama sangara mzima alivyomponyoka katika miaka ya 1990.

Kwa sasa neno mapanki lingali linaishi Mwanza katika maana yake ya kila siku. Mteja hulitamka anapoagiza, mpishi hulitamka anapotaja bei, na hakuna kati yao anayemfikiria Shakespeare, Sex Pistols wala kinyozi wa miaka ya 1980. Wanachojadiliana ni iwapo kichwa kile kimebaki na nyama ya kutosha kwenye mashavu, na iwapo muuzaji yuko tayari kupunguza kidogo.